Tovuti ya Python ikigoma kufunguka, usikimbilie 777

PROGRAMU iliyoandikwa kwa lugha ya Python inaweza kufanya kazi bila kasoro kwenye kompyuta ya fundi, lakini ikahamishiwa kwenye seva na kugoma. Badala ya ukurasa, mteja hukuta tarakimu 403 na neno "Forbidden", yaani hairuhusiwi.

Wengi hukimbilia amri ya chmod 777, ambayo humpa kila mtumiaji wa seva ruhusa ya kusoma, kuandika na kuendesha faili. Hatua hiyo ni ya hatari, na mara nyingi haiondoi hata tatizo lenyewe.

Katika mfumo wa Linux, kila programu hufanya kazi kwa jina la mtumiaji fulani. Kwenye Ubuntu na Debian, seva ya Apache hutumia jina la www-data. Kwenye Red Hat hutumia jina la apache. Huyo si wewe uliyepakia mafaili.

Akitaka kusoma faili la /home/juma/duka/wsgi.py, ni lazima apite folda ya home, kisha ya juma, kisha ya duka. Kila folda ni mlango, na ruhusa ya kupita huandikwa kwa herufi x. Mlango mmoja ukifungwa, faili halifikiki hata kama lenyewe limepewa 777.

Tangu toleo la 21.04 la Ubuntu, lililotoka mwaka 2021, folda binafsi ya mtumiaji mpya hufungwa kwa watu wa nje. Ndiyo maana maelekezo ya miaka ya nyuma huweza kushindwa leo.

Utatuzi uanze kwenye kumbukumbu za makosa, ambazo Ubuntu huziweka katika /var/log/apache2/error.log. Ukikuta maneno "search permissions are missing", kuna folda iliyofungwa njiani. Amri ya namei -l, ikifuatiwa na anwani kamili ya faili, itakuonyesha mmiliki na ruhusa za kila folda, moja baada ya nyingine.

Ukikuta "client denied by server configuration", usiguse ruhusa za mafaili. Kizuizi kimo katika mipangilio ya Apache, ambayo tangu toleo la 2.4 huhitaji mstari wa "Require all granted" kwa folda husika.

Wanaotumia Nginx pamoja na Gunicorn aghalabu hupata kosa la 502. Kumbukumbu zikitaja soketi na "Permission denied", mtumiaji wa Nginx hana ruhusa ya kuandika kwenye soketi hiyo, au hawezi kupita folda zinazoelekea huko.

Hifadhidata ya SQLite nayo ina sharti lake: seva iweze kuandika kwenye faili na pia kwenye folda lilimo, kwa kuwa mafaili ya muda huundwa humo. Kwenye Red Hat, ruhusa zikiwa sahihi na kosa likabaki, chunguza ulinzi wa SELinux. Rekebisha kanuni yake, usiuzime.

Kwa kawaida folda hutosheka na 755 na mafaili 644. Faili lenye nywila lipewe 640, na kundi lake liwe lile la seva. Ni salama zaidi kuiweka programu katika /srv kuliko kuifungua folda yako binafsi.

Gharama ya 777 huonekana baadaye. Akaunti nyingine yoyote ya seva hiyo ikidukuliwa na kuweza kulifikia faili hilo, mdukuzi ataweza kuandika upya programu yako, na seva itaiendesha kana kwamba ni wewe uliyeiandika. Watakaoumia ni wateja waliokukabidhi majina yao, namba zao za simu na fedha zao. Kwa hiyo, tafuta mlango uliofungwa, kisha umfungulie yule tu anayestahili kupita.