Moto Ulioanzisha Povu

Tangu sakata la mwaka 2017, Watanzania wengi wanalijua neno makinikia: mchanga wenye dhahabu na shaba uliokuwa ukisafirishwa nje kutoka Bulyanhulu na Buzwagi. Wachache huuliza unavyopatikana. Hutokana na povu, na historia ya povu hilo inaanzia kwenye moto.

Mwaka 1877, ndugu wawili wa ukoo wa Bessel, mjini Dresden, Ujerumani, walipata hataza ya kusafisha grafiti. Waliichanganya na mafuta, wakaitia majini, wakachemsha. Viputo viling'ang'ania grafiti iliyopakwa mafuta, vikaipandisha juu. Udongo, ambao hupenda maji, ukabaki chini. Hapakuwa na pampu ya hewa. Joto ndilo lililozaa viputo.

Huko Broken Hill, Australia, palikuwa na vilima vya mabaki yenye zinki ambayo mitambo ya wakati ule ilishindwa kuitenga. Mnamo 1901 na 1902, Charles Potter, mtengeneza bia wa Melbourne, na Guillaume Delprat, meneja wa BHP, walitumia miyeyuko ya moto yenye asidi. Asidi ilipokutana na kaboneti za kwenye mawe ilitoa gesi, joto likaharakisha kazi, na salfaidi ya zinki ikaelea. Taka ikawa mali, na mali ikaleta kesi: wakafikishana mahakamani.

Lakini kupasha moto tope jingi hula makaa. Mwaka 1905, kampuni ya Minerals Separation ya London ilionyesha kwamba hewa iliyopigwa ndani ya tope, pamoja na mafuta kidogo sana, inatosha. Mwaka 1925 ikaja zanthate, kemikali inayofanya kazi katika maji ya kawaida. Joto likizidi, huvunjika.

Hata hivyo moto haukustaafu. Penye kutumika asidi za mafuta, kama kwa madini ya floraiti, baridi huzifanya nzito, kama mafuta ya nazi yanavyotugandia chupani huku ughaibuni majira ya baridi. Hapo tope hupashwa moto tena.

Mabishano ya 2017 yalihusu kiasi cha madini kilichomo ndani ya makontena. Kabla ya kuwa swali la wanasheria, hilo ni swali la tope, kemikali na joto. Taifa lisilosomesha watu wake mambo hayo litaendelea kusomewa majibu na wengine.