Ivanhoe: filme ya 1982 na binti aliyeitwa muchawi

Ivanhoe ni filme ya televisheni ya mwaka 1982. Douglas Camfield aliitengeneza kufuatana na kitabu cha Walter Scott kilichotoka mwisho wa 1819. Mambo yanapita Uingereza, wakati wa mufalme Richard, miaka zaidi ya 800 iliyopita.

Anthony Andrews anacheza Ivanhoe, kijana aliyefukuzwa na baba yake. Lakini mutu anayebeba hadithi njo Rebecca (Olivia Hussey), binti wa Muyahudi Isaac (James Mason). Anajua dawa, na njo yeye anamutunza Ivanhoe akiwa na kidonda. Bois-Guilbert (Sam Neill), askari wa dini, anamutaka; binti anakatala. Kisha wakubwa wa dini wanamushitaki uchawi. Ule ujuzi wa kuponya watu unageuka kosa. Atachomwa moto, isipokuwa apate mutu wa kupigana kwa ajili yake.

Ivanhoe anafika. Mu filme, Bois-Guilbert anaacha kujikinga, anauawa. Kitabuni, anaanguka na kufa kwa uchungu wa moyo wake mwenyewe.

Sweden, televisheni inaonesha filme hii karibu kila tarehe 1 Januari.

Na Rebecca? Anaokoka, lakini kitabuni anahama Uingereza pamoja na baba yake. Kushinda kesi hakukumupa usalama.