Habari za Klabu Iliyozaliwa na Timu Nyingi

Wazee wetu waheshimiwa, na wanachama wote,

Baada ya kuwaleteeni hesabu za mwaka na habari za wagonjwa na misiba, twatenga kurasa chache kwa jambo la mafunzo. Safari hii tumechagua mpira wa miguu, wala hatukuuchagua kwa ajili ya kuwachekesha. Halmashauri imeletewa ombi na vijana wetu wa Kona Baridi, kwamba chama kiwanunulie jezi na mipira. Lakini walioomba ni makundi mawili: moja la watoto wa wenyeji, na la pili la watoto wa waliohamia. Kila kundi lataka timu yake na jina lake, ilhali sanduku la chama ni moja. Kabla hamjapiga kura katika mkutano mkuu, twaomba msome yaliyotendeka Nairobi, mji ulio karibu nasi, zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Kabumbu liliingia Kenya pamoja na misheni, shule, reli na kambi za askari. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililoitwa kwa jina la watengenezaji wa sabuni waliolitoa. Tanganyika ikajiunga mwaka 1945. Wachezaji wa siku zile hawakuishi kwa mpira. Mtu alikuwa karani, fundi au tarishi siku zote za kazi, na saa za mapumziko ndipo alipovaa viatu vya mchezo.

Aliyefika Nairobi kutafuta kazi alikuwa mgeni katika mji wa wageni. Basi alijiunga na chama cha watu wa kwao, mfano wa hiki chetu, kilichochanga fedha za kusafirisha maiti, kumsaidia asiye na kazi, na kumlipia karo mtoto wa aliyefariki. Chama hakikukosa timu ya mpira, maana mchezo ulikusanya watu, na palipo na watu mchango hupatikana. Waluhya walikuwa na timu nyingi, nazo zilichukua majina ya sehemu walizotoka: Marama, Bunyore, Samia, Kisa na nyinginezo. Hizi zilishindana zenyewe kwa zenyewe, na ushindi wa mmoja ulikuwa huzuni ya jirani yake.

Mwaka 1963 ligi ya taifa ilianzishwa, na bingwa wake wa kwanza akawa Nakuru All-Stars. Ushindani sasa ulikuwa wa nchi nzima. Mwezi wa Machi 1964 timu hizo ndogo zilikubali kuunganishwa, ikazaliwa Abaluhya Football Club. Twaomba mfikiri jambo hilo lilidai nini. Penye viongozi wengi sasa paliwekwa uongozi mmoja. Penye madaftari mengi ya michango palibaki daftari moja. Wachezaji waliokuwa na hakika ya nafasi zao walijua kwamba uwanjani huingia watu 11 tu, na walinda lango wanne au watano hawawezi kusimama katika lango moja. Kila upande ulitoa kitu ulichokipenda.

Tena tunda halikuiva siku ile ile. Ubingwa wa 1964 ulichukuliwa na Luo Union, na wa 1965 ukaenda Mombasa kwa Feisal. Ndipo 1966 Abaluhya wakapata ligi, wakaipata tena 1967. Joe Kadenge, aliyejulikana kwanza katika Maragoli United, aliivaa jezi yao, na sauti ya Leonard Mambo Mbotela redioni ikalifanya jina la Kadenge kuwa msemo hata kwa wasiopata kuuona uwanja. Jonathan Niva wa klabu hiyo hiyo alikuwa nahodha wa Kenya ilipoingia mara ya kwanza katika Kombe la Mataifa ya Afrika, huko Kamerun, mwaka 1972.

Wenzao Wajaluo walifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1968 Luo Union na Luo Sports Club ziliungana zikawa Gor Mahia, nayo ikawa bingwa wa Kenya mwaka huo huo. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitoka sare na Espérance, 2–2 mjini Tunis na 1–1 mjini Nairobi, ikachukua Kombe la Washindi la Afrika kwa kuwa ilifunga mabao mawili ugenini. Hakuna klabu ya Kenya iliyokuwa imepata kombe la bara zima kabla ya hapo.

Yafaa kukumbuka na mwaka 1980, Serikali ilipoamuru vyama na vilabu viache majina ya makabila. Abaluhya wakaitwa AFC Leopards, na herufi zile tatu sasa zikawa na maana ya Ushirika wa Wacheza Mpira Wote. Wapo walionung’unika. Hata hivyo chui hakupungukiwa na meno kwa kubadilishiwa jina: klabu ilichukua Kombe la Vilabu la Afrika Mashariki na Kati miaka mitatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Katika miaka hiyo mlinda lango wake mashuhuri alikuwa Mahmoud Abbas, kijana wa Mombasa. Klabu iliyoanza kwa kuunganisha watu wa sehemu mbalimbali za kabila moja ilikuwa imefika kumkabidhi lango mtu wa pwani, na mashabiki wakamshangilia kama mtoto wao.

Hatusemi kwamba kuungana ni dawa ya kila ugonjwa. Baada ya ubingwa wa 1998, Leopards walikaa zaidi ya miaka 20 bila kuirudisha ligi nyumbani. Tena baadhi ya wazee wametukumbusha kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Ni kweli, na wafugaji hawahitaji kufundishwa hilo. Lakini fahali walio katika jambo hili ni sisi watu wazima. Watoto wenyewe husoma katika madarasa yale yale, na mipira ya matambara huicheza pamoja barabarani bila kuulizana baba ametoka wapi.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mbele yenu shauri hili: timu iwe moja, orodha ya wachezaji iwe moja, na hesabu ya kila senti isomwe katika taarifa hii kila mwaka. Nahodha achaguliwe na wachezaji wenyewe. Kuhusu jina, twaomba lisitoke kwa ukoo wala kabila lolote. Liitwe Kona Baridi. Upepo wa kona hii hauchagui mwenyeji wala mhamiaji, na sote tumeuvumilia pamoja.

Kura ni yenu.

Sisi watumishi wenu katika Halmashauri.