Somo la Karagwe

Mwanafunzi wa Miono, katika bara ya Bagamoyo, amezoea kusoma jina la John Hanning Speke pamoja na chanzo cha Mto Nile. Lakini msafiri huyo, aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1860, alikuwa pia mwalimu wa historia, na somo lake lilidumu kupita kiasi.

Alifika Karagwe mwishoni mwa 1861. Huko alifungua Biblia mbele ya Mfalme Rumanika, akamfafanulia kwamba wafalme Wahuma ni tawi la Wahabeshi, wageni waliokuja kuwatawala watu duni kuliko wao. Ushahidi hakuwa nao. Alitazama nyuso na kusikiliza masimulizi tu. Hata kitabu chake cha 1863 chaiita habari hiyo nadharia.

Rwanda hakuikanyaga, ila dhana hiyo ilivuka mpaka. Wabelgiji waliitia shuleni na ofisini, na katika miaka ya 1930 kila mtu mzima akaandikwa katika kitambulisho chake kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Baada ya uhuru wa 1962 somo halikufutwa, liligeuzwa tu: mgeni mtukufu akawa mgeni mvamizi. Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano Kabaya, akataka Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya Mto Nyabarongo. Mwaka 1994 maiti zilishuka na maji ya Nyabarongo, zikaingia Kagera, zikapita kando ya Karagwe ile ile hadi Ziwa Viktoria.

Serikali mpya ilisimamisha ufundishaji wa historia ya nchi mashuleni. Nani angeilaumu? Mwalimu gani angesimama na kitabu cha zamani mbele ya yatima na mtoto wa mfungwa walioketi dawati moja? Lakini darasa liliponyamaza, nyumba hazikunyamaza. Kila mtoto alipata historia ya jikoni kwao.

Somo lilirudi baadaye, na mtaala wa 1915 na 100, yaani 2015, huyataja mauaji ya kimbari waziwazi. Lililo gumu ni swali la mwanafunzi: je, aruhusiwa kuuliza jambo ambalo kitabu hakikulijibu? Rumanika alisomewa, hakupewa nafasi ya kudai ushahidi.

Huko Miono, kitabu cha shule humwacha Speke penye maporomoko ya Nile, Julai 1862.