Safu ya Lugha: Somo yangu, somo langu

Ukipita Chukwani, Zanzibar, karibu na Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, utasikia wanafunzi wakisema somo gumu, somo limeahirishwa. "Somo langu" ni kipindi. Lakini mtu akisema "somo yangu", sarufi imeshahama: hapo ni mtu. Ni wajina wake, au shoga wa siri, au yule mama anayemfunda bibi harusi na kuwa naye karibu siku saba za fungate. Wengine humwita kungwi. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alijulikana kwa kazi hiyo pamoja na taarabu.

Nalileta neno hili kwa sababu watu wazima siku hizi wanaulizana, chini chini, habari ya michezo ya chumbani ambamo mke ndiye anayeamuru na mume anatii kwa hiari yake. Wengi wamefundwa na simu. Simu inaonyesha kamba. Mazungumzo ya kabla haiyaonyeshi, na somo wa kweli angeanzia hapo hapo. Mmekubaliana nini? Neno gani likitamkwa, kila kitu kinasita? Shingo haikabwi, hata kwa mzaha. Aliyefungwa haachwi peke yake. Aliyeridhia jana anaweza kukataa leo, na hakuna kununiana. Picha, abadan!

Basi mgeni wa mambo haya, kabla ya kununua chochote, tafuta somo: mtu mzima mwenye kifua, asiyepeleka maneno barazani.