Uchoraji wa Wahusika: Shaaban Robert na Jirani zake wa Mbali

Hapa kilimani Kyambogo, palipokuwa na chuo cha walimu miaka mingi kabla ya kuwa Chuo Kikuu mwaka 2003, twasahihisha insha za fasihi zinazorudia hukumu moja kama wimbo wa kukariri: wahusika wa Shaaban Robert ni bapa. Wanafunzi hawakulitunga neno hilo. Tuliwapa sisi walimu. Nasi tulilipata kwa Mwingereza E. M. Forster, aliyewagawa wahusika wa riwaya kuwa bapa na duara mwaka 1927. Ni kipimo kizuri kwa Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971). Je, chafaa kupimia Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952? Sisi twaona hakifai, na sababu yetu twaomba ruhusa tuianzie mbali kidogo, Ufaransa ya karne ya 17.

Huko, kabla riwaya haijawa kama tuijuavyo, kumchora mtu kwa maneno kulikuwa sanaa inayojitegemea. Madeleine de Scudéry, katika juzuu 10 za Artamène ou le Grand Cyrus (1649–1653), aliwavika watu wa Paris majina ya Waajemi na Wayunani. Wenyewe walijitambua, naye akajichora kwa jina la Sapho. Mwaka 1659 ulitoka mkusanyo wa picha za namna hiyo, chini ya usimamizi wa binti wa ukoo wa kifalme, Mlle de Montpensier. Humo Bibi de La Fayette alimchora rafikiye, Bibi de Sévigné, akijifanya mwanamume asiyejulikana.

Bibi huyo ndiye aliyetoa La Princesse de Clèves mwaka 1678, bila kutia jina lake. Kitabu chaanza kwa safu ya picha za watu wa baraza la Mfalme Henri wa Pili, kila mmoja mzuri kupita mwenzake, hata msomaji wa leo akachoka. (Sisi tulichoka.) Lakini picha hizo zimewekwa zijaribiwe. Mke yule aliyesifiwa anapomwungamia mumewe kwamba moyo wake umeelekea kwa mwingine, sifa za mlangoni hazitoshi tena.

Turudi nyumbani. Shaaban Robert (1909–1962) hahitaji kurasa nyingi. Jina ndilo picha. Adili, Hasidi, Mwivu: msomaji akisikia tu, amekwisha kuwaona. Wala hakuiokota sanaa hiyo Ulaya. Hadithi yenyewe ina asili katika Alfu Lela Ulela, na watunzi wa pwani walikwisha kumchora Fumo Liyongo, kimo na nguvu zake, kabla ya kutusimulia mkasa wake.

Tazama basi afanyavyo. Adili, mtawala wa Janibu, kila usiku huwapiga mijeledi manyani wawili. Jina lasema haki, na mkono umeshika mjeledi. Mfalme Rai, apendaye wanyama, apata habari na kumdai maelezo. Ni baadaye tu twaambiwa kwamba manyani hao ni ndugu zake waliomdhulumu, na kwamba hupiga kwa amri ya jini, si kwa kupenda. Muda huo wote jina lake limesimama kizimbani. Mhusika bapa hahukumiwi hivyo.

Katika Kusadikika (1951) kizimba ni cha kweli: Karama ashtakiwa na Majivuno. Majina yako wazi kabisa, lakini nchi yenyewe haipo katika ramani yoyote. Scudéry alificha nyuso ili wenyewe wafurahi kujitambua. Shaaban Robert, mtumishi wa serikali ya kikoloni, alificha nchi kwa sababu nzito zaidi, na hapo ulinganisho wetu na Wafaransa unakoma.

Darasani sasa twauliza hivi: jina linamdai nini mhusika, na ni ukurasa gani analipa deni hilo au anashindwa kulilipa? Wengine bado huandika “bapa”. Hatuwakati alama, mradi wauonyeshe ukurasa.