Mlango wa Dharura Mjini Juba: Historia ya Mgonjwa Asiye Mahututi

Katika mijadala ya sera za afya, mgonjwa anayefika idara ya dharura na kikohozi au homa ya siku tatu huelezwa kuwa ni mtu aliyepotea njia, anayehitaji kuelimishwa. Historia ya Juba haiungi mkono maelezo hayo.

Baada ya Mkataba wa Addis Ababa wa 1972, serikali ya Kusini yenye makao yake Juba iliandaa mpango wa afya ya msingi mnamo 1976, miaka miwili kabla ya Azimio la Alma-Ata. Nia ilikuwa tiba imfuate mwanakijiji alipo. Vita viliporudi mwaka 1983, Juba ikageuka ngome ya jeshi, ikizingirwa mara kwa mara na SPLA, huku wakimbizi wa ndani wakijaa mjini. Mwaka 1989 hata Chuo Kikuu cha Juba kilihamishiwa Khartoum. Hospitali haikuhamishika. Aliyeugua kidogo na aliyejeruhiwa na bomu walipita lango lile lile, na desturi hiyo haikutokana na ujinga. Ilifunzwa na mzingiro.

Amani ya 2005 ilileta ngazi mpya katika maandishi ya sera: kituo kidogo kwa watu 15,000, kituo cha afya kwa watu 50,000, kisha hospitali. Mapigano ya Desemba 2013 na Julai 2016 yaliirudisha Hospitali ya Mafunzo ya Juba kwenye kazi ya majeruhi kabla ngazi hizo hazijakomaa.

Lugha nayo ina sehemu yake. Katika Kiarabu cha Sudan, idara hii huitwa *hawadith*, yaani matukio au ajali, neno la mzizi mmoja na “hadithi” ya Kiswahili. Jina hilo linamwita aliyepatwa na tukio. “Dharura” ni pana zaidi: mtu husema amepata dharura akakosa kikao, na hakuna anayemdai damu. Mama mwenye mtoto anayechemka usiku ana dharura kwa maana kamili ya Kiswahili, daktari akubali asikubali.

Tatizo si la Juba peke yake. Mwaka 1966 Maurice King, akiandika kutokana na uzoefu wa Makerere, alikwisha kusisitiza kwamba tiba ya maradhi ya kawaida isogezwe karibu na makazi, isingoje hospitali kubwa. Uingereza mwaka 2017 ilitenga pauni milioni 100 ili madaktari wa tiba ya kawaida wawapokee wagonjwa wasio mahututi kwenye mlango wa dharura. Hatua hiyo ina busara, lakini inategemea kuwapo kwa madaktari hao. Kwa Juba, mtu wa kukaa mlangoni ni tabibu, na kazi yake itakuwa na maana iwapo tu anayeelekezwa kituo cha afya atakuta dawa huko. Akikuta rafu tupu, kesho atarudi hospitalini, safari hii akiwa mahututi kweli.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kiswahili kinaingia madarasani mwake. Watakaotunga fomu za mapokezi kwa lugha hiyo wana uamuzi wa kufanya mapema: fomu imuulize mgonjwa kama ana dharura, au imuulize ameugua tangu lini, anapumuaje, na ametoka kituo gani?